Mitungi Kwenye Mstari wa Kocha

Ilikuwa wiki ya tatu, na Wepukhulu hajamaliza kiatu hata kimoja kwa siku aliyoahidi.

Mikono haikuwa na shida. Shida ilikuwa benchi. Aliiweka mwenyewe mbele ya kibanda chake, hapa Kibera, pale njia ya Soweto East inapokutana na ya kwenda Olympic, ili mteja akae akingoja kiatu kishonwe. Sasa mteja hana pa kukaa. Benchi imejaa mashabiki wa Reli kutoka asubuhi hadi jioni, na mashabiki wa Reli hawana viatu vya kushonwa. Wana midomo.

Reli ni timu ya raga. Si ile ya watu kumi na watano. Ni ile nyingine, ya kumi na watatu. Ukiwa na mpira unaangushwa, unainuka, unaangushwa tena. Ikifika mara sita, mpira si wako, wape wenzako. Basi. Kocha wao, Ambrose, alikuwa ameenda Uarabuni kulinda lango la hoteli. Hakuaga mtu. Alituma ujumbe akiwa tayari uwanja wa ndege: vijana, mungu awabariki, tafuteni mwingine.

Ndiyo wakawa wanatafuta. Kwenye benchi ya Wepukhulu.

"Anwar," alisema Maurice. Maurice ni wa bodaboda, lakini tangu habari hii ianze pikipiki yake ilisimama kando ya kibanda kama mbuzi aliyefungwa. "Hakuna maneno hapa. Anwar amecheza miaka tisa. Pua imevunjika mara mbili. Unataka cheti gani kingine?"

"Pua si cheti," alisema Waithira. Yeye huuza chapati Kongo, kule Kawangware. Siku hizo chapati zikiisha alikuwa anavuka Ngong Road kwa miguu, kuja tu kubishana, kisha anarudi. "Ng'ang'a ana gym. Vijana walikuja wamekauka kama mabua, leo wana vifua. Anwar amewapa nini? Hadithi za babu yake."

"Usiguse babu ya mtu."

"Nani amemgusa? Alikuwa askari, tumesikia. Watu wa mtaa wao wa Makina wote mababu zao walikuwa askari. Kwani tunaenda vitani?"

"Ng'ang'a hajacheza hata dakika moja! Hajui kuangusha mtu!"

"Hajui? Mwulize bwana yangu wa kwanza."

Benchi nzima ikacheka. Hata Maurice. Wepukhulu hakucheka. Alikuwa anatafuta soli ya kiatu cha mwalimu mmoja wa Olympic, kiatu kilichopaswa kuwa kimetoka Jumanne.

"Mama Ciku," alisema. "Umekalia soli."

Waithira akainuka kidogo, akaitoa, akampa bila kumwangalia, akaendelea pale alipoachia.

Wepukhulu si mtu wa maneno. Alikuja kutoka Webuye akiwa kijana, hajui kusoma, akafundishwa kushona viatu na Mkamba mmoja Kawangware. Alikaa Kongo miaka kumi na mmoja, akaoa, kisha akahamia Kibera na mke wake Lenah, na hapo akabaki. Kushona viatu humfunza mtu kunyamaza, kwa sababu misumari hukaa mdomoni. Fundi huweka midogo kumi au kumi na miwili katikati ya midomo, anatoa mmoja mmoja kwa vidole, anagonga. Ukiongea unameza. Lenah alikuwa akisema ameolewa na bwana mwenye mdomo wa chuma.

Lenah ndiye alikuwa wa Reli, si yeye. Alifua jezi. Alianza kwa sababu nahodha mmoja alimwomba siku moja tu, na hiyo siku moja ikawa miaka sita. Akipeleka jezi uwanjani alisimama pale kwenye mstari wa chokaa, na kwa kusimama akajifunza. Alihesabu kwa sauti. "Ya tatu! Ya nne! Ya tano hiyo, piga mpira, wewe, utalala nao?" Refa mmoja alimwambia anyamaze, kesho yake akaja kumwuliza kama ile ya jana ilikuwa ya tano au ya sita.

Lenah alikufa mwezi wa pili. Walimzika Webuye. Wepukhulu alirudi Nairobi peke yake, akaingia chumbani, akakaa kitandani upande wake. Hakujua la kufanya na ule upande mwingine.

Jumamosi ya kwanza vijana walibisha. Hawakusema pole, walikuwa wamesema matangani. Waliweka gunia la jezi chafu mlangoni, wakakaa naye kidogo, wakaenda. Akazifua. Hakuzifua vizuri. Namba sita na namba kumi na moja zilitoka na rangi ya maji ya chai. Wale wawili wakazivaa hivyo hivyo.

Tangu hapo Jumamosi ikawa siku yake. Siku nyingine sita chumba humkalia kichwani. Jumamosi anabeba gunia, anasimama pale kwenye chokaa, anahesabu kimya. Moja, mbili, tatu. Hilo ndilo lilimfanya avumilie benchi. Alijua pia jambo ambalo hao wenye midomo walijifanya hawalijui. Kibera ilikuwa na wachezaji wanane. Kawangware ilikuwa na tisa. Miaka kumi iliyopita kila upande ulijaribu kutengeneza timu yake ukashindwa, ndipo wakaungana wakaitwa Reli. Wakigawanyika hakuna timu. Hakuna huku, hakuna kule. Na gunia litabaki mlangoni likiwa safi.

Jumatano mchana Hanan alifika na simu mkononi. Ni binti wa Makina, ana duka la kupiga chapa karatasi, na ndiye mwandishi wa timu kwa sababu hakuna mwingine anayejibu ujumbe.

"Sikizeni," alisema. "Ligi wameandika. Kesho kutwa, Ijumaa, saa kumi jioni. Jina moja la kocha na namba ya kitambulisho. Saa kumi na dakika moja tuko nje, msimu mzima."

"Jina moja?" aliuliza Maurice. "Na wakiwa wawili?"

"Nafasi kwa fomu ni moja."

"Wewe jaza Anwar tumalize."

"Ahaa!" Waithira akapiga makofi. "Mmeona? Si Anwar ni binamu yako, Hanan? Ajaze nani? Ajaze dadake?"

Hanan akashusha pumzi. "Mathe, ndiyo maana sijazi. Nataka mpige kura. Ya mlolongo. Ijumaa saa nane, kiwanja cha Olympic. Anwar asimame huku, Ng'ang'a asimame kule, kila mtu asimame nyuma ya wake. Tuhesabu."

"Mlolongo!" alisema Maurice. "Kama ule wa uchaguzi wa themanini na nane? Babangu alisimama kwa ule mrefu, ukashinda ule mfupi."

"Kwa hivyo nani atahesabu?" aliuliza Waithira. "Si wewe. Na si huyu wa pikipiki."

Wakatazamana. Kisha wote wakageuka kumtazama fundi aliyekuwa na misumari mdomoni.

"Mzee amekaa Kongo," alisema Waithira polepole. "Na amekaa Kibera. Na haongei. Mtu asiyeongea atadanganya na nini?"

Wepukhulu akatikisa kichwa kukataa. Wakachukua kwamba amekubali.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Maji hayakuwa yametoka siku ya nne. Watu walizunguka Kibera na mitungi mikavu wakiuliza uvumi: eti upande wa Olympic yatafunguliwa, eti hapana, kesho.

Watu wa Kawangware walifika saa saba na nusu, wametembea kutoka Kongo wakiimba, Waithira mbele na filimbi. Ng'ang'a alikuwa katikati yao, shingo nene, fulana imebana. Alimsalimia Wepukhulu kwa mikono miwili. "Mzee. Yoyote utakayosema, mimi sawa." Kisha akasimama golini upande wa magharibi, na watu wake wakajipanga nyuma yake.

Anwar alisimama golini upande ule mwingine. Pua imepinda kama walivyosema. Hakumsemesha Wepukhulu, alimshika bega tu, kama alivyomshika hospitalini Lenah alipougua. Nyuma yake watu walikuwa wachache. Ilikuwa Ijumaa mchana. Waislamu wa Makina walikuwa ndiyo wanatoka msikitini mmoja mmoja, na wengine wengi wa Kibera walikuwa kazini, kwenye mijengo na viwandani.

Ndipo Maurice alifika na pikipiki. Nyuma amefunga mitungi kama ishirini, ya manjano, ya bluu, mingine haina vifuniko. Akaifungua akaanza kuipanga kwenye mstari wa Anwar, mmoja nyuma ya mwingine.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Waithira kutoka mbali.

"Ni watu," alisema Maurice bila kuinua kichwa. "Huu wa Oluoch, yuko mjengo. Huu wa Wekulo, yuko shifti. Angalia, jina limeandikwa na kisu. Wamenituma."

"Mtungi si mtu!"

"Nani amesema? Ukiweka mtungi kwa foleni ya maji, ukienda kulala urudi, nani atachukua nafasi yako? Hakuna! Utapigwa! Hapa Kibera mtungi ni mtu kuliko watu wengine. Kwa maji ni mtu, kwa kocha umekufa?"

"Basi nirudi Kongo nibebe sufuria zangu zote! Nina sufuria thelathini!"

"Leta! Tuone kama zitatembea!"

Wakafikiana vifuani. Filimbi ikalia. Mtu akarusha kofia. Wepukhulu alitembea polepole mpaka katikati. Kichwa kilikuwa kinamwuma tangu saa sita.

"Mtungi hauji uwanjani Jumamosi," alisema. "Sihesabu mtungi."

Kawangware wakashangilia. Maurice akaweka mikono kiunoni. "Sawa. Usihesabu. Lakini siitoi. Ikae hapo, ni heshima ya wenyewe."

"Ikae."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilifanya kwa kuchoka.

Hanan alisema wangoje mpaka saa tisa, wanaochelewa wafike. Wakangoja. Watu wa Kawangware waliimba, wakachoka, wakakaa chini wakiwa kwenye mstari. Mstari wa Anwar ulianza kurefuka. Wepukhulu, amekaa kivulini mwa ukuta, aliona watu wakija kwa njia ya Olympic, wawili, watatu, akafurahi kimoyomoyo. Hakupaswa kuwa na upande, lakini alikuwa nao. Lenah alipougua, Anwar ndiye alishika machela. Alipokufa, Anwar alipanda basi pamoja na jeneza mpaka Webuye, akalala kwenye turubai na watu asiowajua, akashika jembe. Mtu hasahau hivyo.

Saa tisa na dakika kumi akainuka. Akatia misumari kumi na miwili mdomoni. Kila watu kumi angetoa msumari mmoja atie mfukoni, kushoto wa Anwar, kulia wa Ng'ang'a, na wanaobaki angeshika kwa vidole. Hiyo ndiyo hesabu anayoijua, na haijawahi kumpoteza.

Alianza na Ng'ang'a. Misumari minne, vidole saba. Waithira akamfuata nyuma akihesabu kwa sauti, akapata arobaini na nane, akarudia, akapata arobaini na saba, akanyamaza.

Akaenda kwa Anwar. Aliruka mitungi yote iliyosimama bila mtu, kama alivyosema. Alihesabu vichwa. Msumari. Msumari. Mstari ulikuwa umefika mpaka nje ya kiwanja, ukapinda kwenye ukuta. Msumari wa sita, vidole vitatu. Sitini na watatu.

Alitoa misumari iliyobaki mdomoni ili atangaze. Bibi mmoja mzee, wa mwisho kwenye mstari, leso kichwani, akamvuta mkono wa koti.

"Baba, wanafungua saa ngapi?"

"Wanafungua nini?"

"Maji."

Wepukhulu akamtazama. Kisha akatazama mstari, safari hii si vichwa. Akatazama mikono. Mama na mitungi miwili. Mama mwingine na mtungi na mtoto mgongoni. Jamaa wa makamo na beseni, taulo begani. Dada mmoja amekalia ndoo anasuka nywele za mwenzake. Waliona mitungi imepangwa kwa mstari, siku ya nne bila maji. Mtu wa Kibera akiona hivyo haulizi. Anasimama nyuma.

Alimtafuta Maurice kwa macho. Maurice alikuwa anatazama mawingu. Hakukuwa na mawingu.

Upande ule mwingine watu wa Kawangware walikuwa mbali, wanangoja. Hawakuwa wamesikia. Angefungua mdomo aseme sitini na watatu, Hanan angejaza Anwar, ingekwisha hapo. Na alimtaka Anwar. Akasimama na misumari kwenye kiganja. Maji hayatafunguliwa. Bibi huyu ataondoka akilalamika, ataongea njiani, na kabla ya jua kuzama Waithira atajua. Kesho Kawangware hawatakuja. Wanane watasimama kwenye kiwanja wakitazamana.

"Hata kuiba hawajui," alisema, kama anamwambia mtu aliye kando yake.

Kisha akapaza sauti. "Wanaongoja maji, tokeni kwa mstari!"

Hakuna aliyesogea hata hatua. Nani atatoka kwenye foleni ya maji kwa hiari yake? Badala yake wakasongana zaidi.

"Nimesema tokeni! Hapa hakuna maji!"

"Hakuna maji na hii mitungi?" alisema yule wa taulo. "Mzee, tusiletewe ujanja. Nani ako na zamu yangu?"

"Hapa anachaguliwa kocha."

"Kocha wa nini?"

"Wa raga."

Neno hilo likapita kwenye mstari, kutoka mwisho kwenda mbele.

"Raga ni nini?" aliuliza bibi mzee.

"Ni mpira wa kuangushana, cucu," alisema yule dada kwenye ndoo.

"Na mimi nimesimama kwa jua saa nzima, kwa sababu ya watu kuangushana?" Bibi akaokota mtungi wake. Alimtazama Wepukhulu toka viatuni hadi kofia. "Na wewe mtu mzima."

Wakatoka, mmoja mmoja, wakitukana. Mmoja alipiga teke mtungi wa Oluoch. Waithira alikuwa ameshafika mbio, filimbi mdomoni, anaipuliza mpaka macho yanatoka. "Wezi! Wezi! Mmeona Kibera? Mmeona? Wamepigiwa kura na masufuria!"

Wepukhulu alitoa misumari ya Anwar mfukoni, akairudisha mdomoni, akaanza upya mwanzo wa mstari. Waliokuwa wamebaki walikuwa wanamtukana wakati anawahesabu. Aliwahesabu. Mitatu, na vidole vinane.

"Thelathini na wanane," alisema baada ya kutoa iliyobaki. "Ng'ang'a arobaini na saba. Hanan, andika Ng'ang'a."

Kawangware wakamwinua Ng'ang'a juu, wakamwangusha, wakamwinua tena. Upande wa Kibera ulikuwa umemzunguka Wepukhulu.

"Mzee, umetuuza," alisema Maurice. "Ulikuwa umemaliza kuhesabu! Kura ni kura! Nani alikutuma uwaulize wanangoja nini?"

"Sikuuliza. Niliulizwa."

"Ungenyamaza! Si wewe hunyamaza? Miaka yote umenyamaza, leo ndiyo umepata mdomo?"

"Ndiyo," alisema Wepukhulu. "Leo nimepata. Wiki tatu mmekalia benchi yangu. Wiki tatu! Pua ya Anwar, kifua cha Ng'ang'a, babu ya huyu, bwana ya yule. Sijashona kiatu. Sasa hesabuni nyinyi. Kibera wanane. Kawangware tisa. Wanane wanafika kumi na tatu? Tisa wanafika? Mimi sikusoma na najua. Kesho hawa wakikosa kuja, mtacheza na mitungi? Ehe? Mtungi wa Oluoch utamwangusha nani?"

Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, na yeye pia.

Anwar alikuwa amesimama kando. Alimtazama Wepukhulu. Kisha akageuka, akaenda zake kuelekea Makina, bila kumshika bega.

Hilo liliuma kuliko maneno ya Maurice.

Na bado mambo hayakuwa yameisha. Saa kumi kasoro dakika kumi Hanan aliita, "Namba ya kitambulisho!" Ng'ang'a akajipapasa mifuko. Hakuwa nacho. Alikuwa amekiacha asubuhi kwa askari wa lango, kwenye jengo alilopeleka vyuma vya mazoezi, na askari alimpa kadi ya mgeni. Alikuwa bado na kadi ya mgeni.

"Namba huijui kwa kichwa?" aliuliza Hanan.

"Nani anajua yake kwa kichwa?"

"Kila mtu, Ng'ang'a! Kila mtu!"

Walimpigia mkewe simu. Mkewe hakushika. Walimpigia jirani, jirani akaenda kubisha, mkewe akatafuta karatasi ya kodi ya nyumba, akasoma namba moja moja huku watu arobaini na saba wakiirudia kwa sauti. Hanan alituma saa kumi kasoro dakika mbili. Wepukhulu alikuwa amekaa chini ukutani, mgongo unamwuma. Aliposikia "imeingia" hakufurahi. Alijisikia tu kama mtu aliyebebeshwa jokofu ngazi nne kisha akaambiwa si nyumba hii.

Jumamosi asubuhi benchi ilikuwa tupu. Alikuwa ameitamani itulie wiki tatu, na sasa ilipotulia hakuipenda. Alimaliza kiatu cha mwalimu. Alimaliza viwili vingine. Majirani walipita wakaangalia upande mwingine, na kijana wa kuuza mayai, ambaye humwita babu kila siku, leo alimwita "mzee".

Saa saba alibeba gunia mwenyewe. Ni zito, jezi kumi na saba, na kupanda kwenda kiwanjani kuna mawe. Alipumzika mara tatu. Alijiambia kwamba akikuta tisa wa Kawangware peke yao atarudi, ataweka gunia, atalala.

Alikuta kumi na tatu, na wanne wa akiba. Wanane wa Kibera walikuwa wamekuja, wamenuna, wamejitenga, lakini wamekuja. Walichukua jezi wakazivaa. Ng'ang'a alikuwa na daftari na filimbi ya Waithira, anatoa maagizo kwa sauti ya mtu anayeuza viazi.

Na kwenye mstari wa chokaa, upande wa Kibera, kulikuwa na watu. Wengi kuliko Jumamosi yoyote. Wepukhulu alishangaa mpaka aliposikia Maurice akieleza: "Sisi hatujakuja kushangilia. Tumekuja kushuhudia aanguke."

Anwar alikuwepo pia, amekaa juu ya jiwe, mikono imekunjwa. Wepukhulu alikwenda akasimama hatua chache kutoka kwake. Hawakusalimiana. Anwar alisema, akitazama mbele, "Hilo gunia ungeita mtu akusaidie, mzee wangu."

"Ningeita nani?"

Anwar alisogea kwenye jiwe, akaacha nafasi. Wepukhulu hakukaa. Huwa hakai mechi ikichezwa. Lakini alisogea karibu.

Mpira ulianza. Moja, mbili, tatu, alihesabu moyoni. Ya nne mpira ukaanguka. Wageni wakaokota, wakakimbia, wakafunga trai chini ya goli. Dakika ya sita. Dakika ya tisa wakafunga nyingine.

"Kocha gani huyu?" alipaza sauti Maurice kwa furaha kubwa. "Toa huyo! Toa!"

Kutoka upande wa Kawangware sauti ya Waithira ikasikika, nyembamba, ikivuka kiwanja kizima. "Ng'ang'a! Hiyo ndiyo umewafundisha? Mimi nilisema tumchukue kwa muda tu! Si nilisema?"

"Ulisema lini, Mama Ciku?" aliita Maurice.

"Nilisema!"

Dakika ya kumi na moja alikuwa ameshavuka kiwanja kwa nyuma ya goli na sketi imeshikwa mkononi, anakuja kubishana kwa karibu. Maurice akampokea. Wengine wakajazana. Anwar, alisema mmoja. Hapana, kuna jamaa wa Dagoretti, alisema mwingine, amewahi kucheza Uganda. Jamaa wa Dagoretti hata shati hana, alisema wa tatu. Mara wakawa wamesimama duara zima mbele ya Wepukhulu, mikono inaruka, mate yanaruka, na nyuma yao vijana wanaangushana bila yeye kuwaona.

"Mzee!" Maurice alimgeukia. Uso haukuwa na kinyongo hata chembe. "Wewe ndiye wa haki hapa. Sema ukweli wako. Tukipiga mlolongo mwingine Jumatatu, utahesabu?"

Wepukhulu alikuwa amepoteza hesabu. Ilikuwa ya nne au ya tano, hakujua.

"Sogeeni," alisema Wepukhulu. "Sioni mpira."